Cooper Black: herufi nene zilizokataa kustaafu

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu kitu tunachokitazama kutwa kucha bila kukiona: umbo la herufi. Kati ya maelfu ya fonti zilizopo nimechagua moja tu, kwa sababu historia yake ina funzo kwa yeyote anayeunda kitu kitakachotumiwa na watu asiowajua, kwa vifaa asivyovijua.

Kama una tarakilishi ya Windows yenye Microsoft Office, fungua Word, bofya orodha ya fonti, kisha shuka hadi herufi C. Kuna uwezekano mkubwa utaikuta Cooper Black. Andika neno lolote, tuseme "Karibu", likuze hadi ukubwa wa 72, halafu litazame vizuri. Herufi ni nene, zimeumuka kama mandazi. Hakuna kona kali hata moja. Zina serifu, yaani vile vijiguu vinavyotokeza kwenye ncha za herufi, lakini hata vijiguu vyenyewe vimeviringika kama ncha ya kidole. Ndani ya "a" na "b" kumebaki kijitundu kidogo tu. Ukiandika "o" utaona tundu lake limelala upande kidogo, kana kwamba herufi imeegemea kiti.

Watu wengi wakiiona husema, "Ah, hiyo ni fonti ya miaka ya sabini." Sivyo. Ilitoka mwaka wa 1922. Tangu wakati huo imepitia risasi iliyoyeyushwa, filamu ya picha, karatasi za kubandika, vitambaa vya kupigwa pasi, na sasa skrini za rununu. Fonti nyingi za umri wake zilizikwa pamoja na mashine zake. Hii imeendelea kuhama nyumba kila teknolojia inapobadilika.

Kwa nini? Nadhani jibu limo katika umbo lenyewe: Cooper Black ni vigumu kuiharibu. Hebu tufuate historia yake tuone.

Kijana wa Kansas aenda mjini

Oswald Bruce Cooper, ambaye marafiki walimwita Oz, alizaliwa mwaka wa 1879 katika mji wa Mount Gilead, jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Coffeyville, Kansas. Alianza kazi za uchapishaji akiwa bado kijana mdogo. Ndoto yake ilikuwa kuchora picha za magazeti na vitabu, kwa hiyo akafunga safari hadi Chicago kusoma katika Frank Holme School of Illustration.

Huko ndoto yake ikageuka. Aligundua kwamba kipaji chake hakikuwa katika kuchora watu na mandhari bali katika kuchora herufi. Mwalimu wake wa herufi alikuwa Frederic Goudy, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wabunifu wa herufi mashuhuri zaidi Marekani. Shikeni jina hilo la Goudy, maana litarudi. Mwanafunzi mwingine wa shule hiyo alikuwa W. A. Dwiggins, naye akaja kuwa jina kubwa katika fani hiyo hiyo. Shule moja ndogo, vichwa vitatu vya aina hiyo!

Mwaka wa 1904 Cooper aliungana na Fred Bertsch, wakafungua kampuni yao, Bertsch & Cooper. Bertsch alishughulikia biashara na wateja, Cooper akashika kalamu na brashi. Ni mgawanyo wa kazi ambao wenzangu wa programu wanaujua sana: mmoja anaongea na wateja, mwingine anajifungia na kazi.

Na kazi ilikuwa tele. Chicago ya wakati huo ilikuwa mji wa reli, wa uchapishaji na wa biashara ya kuagiza kwa posta. Sears, Roebuck walikuwa wakituma katalogi zao nene kila pembe ya Marekani kutoka hapo. Magazeti yalijaa matangazo, na kila tangazo lilitaka kichwa cha maneno kitakachomsimamisha msomaji. Herufi za chuma zilizokuwepo zilionekana baridi, kwa hiyo kampuni zenye pesa ziliwalipa watu kama Cooper wachore maneno ya tangazo kwa mkono, neno kwa neno.

Kwa lugha yetu, Cooper alikuwa akiandika msimbo upya kwa kila mteja. Kazi nzuri, lakini haitumiki mara ya pili. Wa kwanza kuligeuza hilo hakuwa yeye. Kampuni kubwa ya kusubu herufi, American Type Founders, iliona herufi alizochora kwa matangazo ya magari ya Packard, na mwaka wa 1913 ikatoa herufi za chuma zilizotokana na mchoro huo, zikaitwa Packard. Sasa mchapishaji yeyote angeweza kununua mkono wa Oz Cooper ndani ya sanduku.

Kutoka kwenye kalamu hadi kwenye risasi

Kiwanda cha Chicago kilichoitwa Barnhart Brothers & Spindler ndicho kilichomshawishi Cooper atengeneze familia kamili ya herufi. Kiwanda hicho kilikuwa kimenunuliwa na American Type Founders mwaka wa 1911, lakini kikaendelea kwa muda mrefu kuuza bidhaa kwa jina lake chenyewe. Herufi za kwanza za familia hiyo zilitoka mwaka wa 1919. Zilikuwa za uzito wa kawaida, laini, zenye ncha za mviringo. Kisha mwaka wa 1922 likatoka toleo lililonenepeshwa hadi mwisho: Cooper Black.

Tusimame kidogo tuone maana ya "kutoa fonti" zama hizo. Siku hizi fonti ni faili. Wakati ule ilikuwa mzigo wa chuma. Mchoro wa kila herufi ulipunguzwa kwa mashine maalumu ya kuchonga, ukawa kalibu. Ndani ya kalibu kukamiminwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Kikipoa, kinatoka kipande kimoja cha herufi moja ya ukubwa mmoja. Ukitaka "a" ishirini, unasubu vipande ishirini. Ukitaka ukubwa mwingine, kalibu nyingine na vipande vingine. Mchapishaji aliyetaka Cooper Black ya ukubwa wa 24 na wa 48 alinunua masanduku mawili tofauti, na herufi nene zilikula chuma.

Hata hivyo zilinunuliwa sana. Matangazo yalitaka sauti kubwa, na Cooper Black ilikuwa na sauti kubwa bila kuwa kali. Cooper mwenyewe alitania kwamba ni herufi za wachapishaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Utani huo unafaa kwa Kiswahili vilevile, kwa sababu kwetu pia kuona mbali ni kuwa na busara.

Si wote waliofurahi. Wapenzi wa vitabu vilivyochapwa kwa ustadi, wenye herufi nyembamba na pambizo pana, waliiona kama ushamba uliovamia ukurasa. Kulikuwa na wapinzani walioiita balaa jeusi. Lakini mauzo hayakuwasikiliza. Familia ikaongezwa: herufi za mlalo, toleo lililobanwa kwa nafasi finyu, na hata toleo lenye mstari mweupe ndani kama mwanga unaong'aa kwenye rangi mbichi.

Washindani nao hawakulala. Kampuni ya Ludlow ilitoa Ludlow Black mwaka wa 1924. Linotype ikatoa Pabst Extra Bold mwaka wa 1928. Na Lanston Monotype je? Wao walimwendea mbunifu wao wawe na jibu lao kwa Cooper Black, naye akawatolea Goudy Heavyface mwaka wa 1925. Ndiyo, ni yule yule Frederic Goudy. Mwalimu aliajiriwa kumfukuzia mwanafunzi wake.

Ndani ya umbo

Hapa ndipo panaponivutia zaidi kama mtu wa tarakilishi. Tutazame umbo lenyewe tuone linafanyaje kazi mambo yanapoharibika.

Kwanza, wino. Herufi ya chuma inapogandamizwa kwenye karatasi, wino hutambaa kidogo nje ya mipaka yake. Karatasi ikiwa ya bei nafuu, unatambaa zaidi. Herufi yenye kona kali hupoteza kona hizo, na jicho huona mara moja kwamba kuna kitu kimechakaa. Cooper Black haina kona ya kupoteza. Ncha zake tayari zinaonekana kama wino umeshatambaa.

Pili, uchakavu. Risasi ni laini. Baada ya kugandamizwa maelfu ya mara, kingo za herufi hulika. Herufi nyembamba ikilika inakatika au inakuwa na mapengo. Herufi nene ikilika kidogo inabaki ile ile.

Tatu, mpangilio. Herufi nyingi zenye serifu husimama kwenye vijiguu bapa. Ukizipanga vibaya, moja ikainuka kidogo, jicho linaona mstari umevunjika. Vijiguu vya Cooper Black ni vya mviringo chini, havikanyagi mstari kwa unyoofu. Kwa hiyo moja ikipanda au ikishuka kidogo, hakuna mstari ulionyooka wa kuisaliti.

Nne, nafasi. Kwa kuwa herufi ni nzito na zenye umbo la tumbo, unaweza kuzisogeza karibu hadi zikagusana na neno likasomeka bado. Jaribu kufanya hivyo na herufi nyembamba uone.

Sidai kwamba Cooper alikaa chini akaorodhesha makosa manne ya kuyavumilia. Alikuwa akifuata mkono na brashi vilivyozoea matangazo. Lakini mkono huo ulikuwa umekulia kwenye viwanda vya uchapishaji, ukijua karatasi mbaya ni nini. Sisi watu wa mitandao tuna kanuni inayosema uwe mkali kwa unachotuma na mpole kwa unachopokea. Cooper Black ni mpole kwa kila inachopokea: wino mwingi, karatasi mbovu, fundi mwenye haraka.

Filamu, pasi na gitaa

Cooper alifariki mwaka wa 1940. Wakati huo mitindo ilikuwa imeshageuka. Futura ya Ujerumani ilikuwa imetoka mwaka wa 1927 na mistari yake ya rula na bikari, na mwaka wa 1957 Uswisi ikatoa Helvetica. Dunia ya ofisi na mashirika ikataka herufi safi zisizo na vijiguu wala tumbo. Cooper Black ingeweza kuishia hapo, ikayeyushwa kama chuma chakavu. Herufi nyingi ziliishia hivyo kweli, maana risasi ya herufi zilizopitwa na wakati ilirudi kwenye chungu.

Kilichoiokoa ni kubadilika kwa mashine. Uchapishaji wa picha uliondoa chuma. Herufi sasa zilikuwa picha ndogo kwenye filamu: mwanga unapita, lenzi inakuza, karatasi ya picha inapokea. Filamu moja ilitoa ukubwa wote. Lakini mwanga nao hutambaa kama wino, na kona kali zilitoka zikiwa butu. Cooper Black ilipita kwenye lenzi ikatoka ilivyoingia. Tena hapakuwa na kingo za vipande vya chuma za kuzitenganisha herufi, kwa hiyo wasanifu wakaanza kuzibana mpaka zikakumbatiana.

Tazama jalada la Pet Sounds, albamu ya The Beach Boys ya mwaka wa 1966. Juu kuna utepe wa kijani, na ndani yake maneno ya Cooper Black yamebanwa pamoja kama abiria wa matatu saa kumi na moja jioni. Yanasomeka bila taabu. Mwaka wa 1968 BBC ya Uingereza ikaanza kuonyesha kichekesho cha Dad's Army, na majina ya wahusika yakaja kwa herufi hizo hizo. Mwaka wa 1971 The Doors wakazitumia kwenye jalada la L.A. Woman. Mwaka wa 1978 zikafungua kipindi cha Marekani cha Diff'rent Strokes. Fonti ya babu zao ikawa sura ya vijana.

Pamoja na filamu zikaja karatasi za Letraset, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka wa 1959. Hizi zilikuwa karatasi za plastiki zenye herufi nyuma yake. Unaweka karatasi juu ya kazi yako, unasugua herufi unayotaka, inahamia. Hapakuhitajika kiwanda wala fundi wa risasi. Mwanafunzi, mwanaharakati au mwenye duka aliweza kutengeneza bango mezani kwake. Na mtu asiye fundi hupanga herufi zikiwa zimepinda kidogo. Mnajua ni fonti gani isiyojali hilo.

Kisha zikaja fulana. Katika miaka ya 1970, maduka ya Marekani yaliuza herufi za kitambaa au plastiki zinazobandikwa kwa pasi. Unachagua jina lako, muuzaji anazipanga kifuani herufi moja moja, pasi inashuka. Herufi nyembamba yenye kona kali ingeanza kubanduka kwenye kona baada ya kufuliwa mara chache. Herufi nene za mviringo zilikaa. Ndiyo maana hadi leo Cooper Black kwenye fulana inatukumbusha timu za mtaani, kambi za shule na muziki wa enzi hizo.

Nani mwenye herufi?

Kuna upande wa pili wa hadithi hii, na kwetu tunaoandika programu ni upande unaouma.

Wakati washindani wakitoa mifano yao ya Cooper Black, sheria haikuwa na kizuizi kikubwa. Marekani haitoi hakimiliki kwa umbo la herufi. Kulikuwa na njia ya hataza ya muundo, na kwa kweli hataza ya kwanza kabisa ya muundo nchini humo, mwaka wa 1842, ilitolewa kwa George Bruce kwa ajili ya herufi. Lakini hataza ni ghali na muda wake ni mfupi. Mwaka wa 1978, katika kesi ya Eltra Corp. v. Ringer, mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba umbo la herufi ni kitu cha matumizi, haliwezi kusajiliwa kama kazi ya sanaa.

Tarakilishi zikaleta mgeuko. Fonti ikawa faili, na faili ni programu. Mwaka wa 1992 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikubali kusajili programu zinazozalisha herufi, na mwaka wa 1998 Adobe ikashinda kesi dhidi ya Southern Software kuhusu kunakiliwa kwa faili za fonti zake. Kwa hiyo nchini humo umbo la "a" si mali ya mtu, lakini orodha ya namba inayolichora ni mali. Ukichora upya kwa jicho lako, uko huru. Ukinakili namba, umeiba.

Hali hii ilimnyima Cooper na kiwanda chake ulinzi dhidi ya waigaji. Wakati huohuo ndiyo iliyofanya kila kampuni iliyobuni mashine mpya iweze kuichora upya Cooper Black na kuivusha hadi kizazi kingine. Kama umbo lingefungwa ndani ya mkataba wa kampuni moja ya Chicago, lingeweza kufa na kampuni hiyo. Mnaobishana kila siku kuhusu programu huria na programu zilizofungwa, huu hapa mfano wenye umri wa miaka mia moja. Manufaa yalienda kwa herufi, hasara ikabaki kwa mchoraji. Sioni njia rahisi ya kusawazisha hayo mawili.

Ndani ya faili COOPBL.TTF

Mwaka wa 1984 Adobe ilileta PostScript, lugha inayochora herufi kwa mikunjo ya hesabu badala ya picha za nukta. Mwaka wa 1991 Apple ikatoa TrueType, na mwaka wa 1992 Microsoft ikaiweka ndani ya Windows 3.1. Kuanzia hapo herufi yoyote ingeweza kukuzwa kwa ukubwa wowote kwenye tarakilishi ya kawaida.

Fungua fonti kwa programu ya kuhariri fonti uone tofauti. Herufi kubwa "I" ya Helvetica ni mstatili: pointi nne, basi. "I" ya Cooper Black haina upande ulionyooka wa kutegemea. Kila ncha ni mkunjo unaoingia kwenye mkunjo mwingine. Kwa mashine ni kazi zaidi. Lakini kwenye skrini zile za zamani zenye pikseli chache, unene wake ulikuwa msaada. Chukua herufi ambayo mguu wake una upana wa pikseli 2. Mashine ikikosea kwa pikseli 1, umekosea asilimia 50. Mguu wa pikseli 10 ukikosewa kwa pikseli 1, ni asilimia 10 tu. Ni hesabu ya darasa la nane, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini herufi nene zilionekana vizuri kwenye vichwa vya kurasa wakati nyembamba zilikuwa zikimeguka.

Microsoft ikaijumuisha Cooper Black kwenye fonti za Office, katika faili iitwayo COOPBL.TTF. Hivyo ndivyo ilivyotufikia wengi wetu huku Kenya: haikuja na vitabu vya usanifu wala na Beach Boys, ilikuja ndani ya Office. Mwenye saiba aliyeombwa atengeneze kadi ya harusi, tangazo la harambee au bango la kinyozi alifungua orodha ya fonti akatafuta iliyonona. Printa ilikuwa inaishiwa na wino, karatasi ilikuwa ya bei nafuu, na kazi ilitakiwa jana. Ni mazingira yale yale ya mchapishaji wa mwaka wa 1922.

Wakubwa nao waliitaka. Mwaka wa 1995 Stelios Haji-Ioannou alianzisha easyJet katika uwanja wa Luton, Uingereza, na jina la shirika likaandikwa kwa Cooper Black katika rangi ya chungwa. Ndege za mwanzo zilikuwa na namba ya simu ya kukatia tiketi imeandikwa kubwa ubavuni. Mwaka wa 1999 mfanyabiashara huyo huyo akafungua London mkahawa mkubwa wa intaneti ulioitwa easyEverything, kwa rangi na herufi zile zile. Ujumbe ulikuwa wazi: hapa ni rahisi, hapa si pa kutishwa. Herufi zisizo na kona hufaa sana kwa mtu anayeuza bei nafuu na kicheko.

Na Kiswahili je?

Nimeijaribu kwa maneno yetu, na nina mawili ya kusema.

La kwanza ni zuri. Kiswahili kimejaa irabu, na karibu kila neno huishia nayo. "Karibu", "mama", "duka la nguo": hizo a, e, o na u za mviringo ndizo Cooper Black inazochora vizuri kuliko zote. Neno la Kiswahili katika fonti hii hukaa kama safu ya vyungu rafuni. Wala hatuhitaji herufi za ziada. Kiapostrofi cha "ng'ombe" kinatosha. Hakikisha tu ni kile kilichopinda, maana kile kilichonyooka kinaonekana kama msumari kati ya vyungu.

La pili ni onyo. Maneno yetu ni marefu, kwa sababu kitenzi kimoja hubeba sentensi nzima. "Tutakapowasiliana" kwa herufi pana hivi itavuka ukingo wa skrini ya rununu ndogo. Na vitundu vya "a" na "e" vikiwa vidogo mno huziba, ukabaki na nukta nyeusi. Basi itumie kwa maneno mawili au matatu, kwa ukubwa wa kutosha, na maandishi marefu uyaachie fonti nyepesi. Cooper Black huvumilia mengi, lakini haivumilii udogo.

Kwa wanaounda tovuti, kumbuka pia kwamba rununu nyingi hazina fonti hii. Ukiandika hivi:

font-family: "Cooper Black", Georgia, serif;

mwenye Office ataiona, na mwenye simu ya Android ataona kitu kingine kabisa. Wala usichukue COOPBL.TTF ya Office ukaipandisha kwenye seva yako. Leseni yake haikupi ruhusa hiyo.

Habari njema ni kwamba tangu mwaka wa 2020 kuna fonti huria iitwayo Fraunces, kazi ya Phaedra Charles na Flavia Zimbardi, inayopatikana bure kupitia Google Fonts. Wabunifu wake walivuta msukumo kutoka kwa herufi laini za mwanzo wa karne ya 20, familia ya Cooper ikiwa mojawapo. Fonti hii ina vigezo unavyoweza kuvibadilisha kwa CSS, na kimoja chake kinaitwa SOFT:

font-variation-settings: "wght" 900, "SOFT" 100;

Weka SOFT iwe 0, kona zinakuwa kali. Ipandishe hadi 100, ncha zinaviringika kama zile za mwaka wa 1922. Kitu ambacho Oz Cooper alikifanya kwa mkono, kikachongwa kwenye kalibu na kumiminiwa risasi, sasa ni kigezo chenye thamani kati ya 0 na 100.

Wengi wetu huunda vitu kwenye tarakilishi nzuri, skrini ikiwa safi na mtandao ukiwa na kasi, kisha tunashangaa vinapofika kwa watu vikiwa vimevunjika. Rununu ya mteja ina ufa. Printa haina wino. Mtandao unakatika Jumatatu asubuhi. Kabla hujatoa kazi yako inayofuata, ichape kwenye karatasi mbaya, ifungue kwenye simu ya zamani, ipindishe, ipunguze. Angalia kama bado inasomeka.

Basi nendeni mkatembee River Road au mtaa wowote wenye maduka, mtazame mabango juu ya milango. Mkiona herufi zilizonona zisizo na kona, mtajua zilikotoka.

Hadi wakati mwingine.